Shangazi wa Picha Namba Tatu

Mara ya kwanza makala yetu ilirudishwa kwa sababu ya pambizo. Hakuna aliyesema tumekosea hoja, wala hakuna aliyesema tumedanganya. Barua pepe ilieleza kwa adabu zote kwamba nafasi nyeupe upande wa kushoto wa ukurasa ilikuwa nyembamba kuliko jarida linavyotaka, na kwamba mistari haikuwekewa namba. Niliisoma nikiwa nimesimama barazani chuoni, nikacheka kile kicheko ambacho wanafunzi wangu wanakijua, nao wakaanza kutawanyika taratibu.

Mimi ni mwalimu wa kilimo. Nimezaliwa na kukulia Dongobesh, katika nyumba ambayo vitunguu saumu ndivyo vilivyotusomesha, vikatuvisha, na vikatupa harufu iliyotufuata mpaka kanisani. Nilipopata nafasi ya kufanya utafiti sikwenda mbali. Niliandika jinsi akina mama wa kwetu wanavyohifadhi mbegu ya vitunguu saumu: wanaifunga mafungu na kuyaning'iniza kwenye dari la miti juu ya mafiga, moshi uyapitie kila siku hadi msimu wa kupanda. Nilizunguka Dongobesh, nikashuka Hanang hadi Gendabi na Hirbadaw kwa wale walioolewa huko wakahama na mbegu zao, nikachungulia majiko ya watu hadi nguo zangu zote zikanuka moshi. Tangu nikiwa mdogo wataalamu walikuwa wakija kutufundisha kuhifadhi mazao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinua shingo kutazama darini. Hilo liliniudhi sana, na ndilo lililonifanya niandike.

Sikuandika peke yangu. Nilikuwa na mwalimu mwenzangu wa takwimu, kijana kutoka familia ya wenye maduka kule Katesh, mtu mpole anayeswali kwa wakati na kuweka nukta kwa wakati. Yeye ndiye aliyechambua takwimu zetu, na ndiye aliyejiteua kuwa mlinzi wa maelekezo kwa waandishi. Maelekezo hayo yalikuwa marefu karibu kuliko makala yenyewe. Aliyachapa, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akawa anatembea nayo kama mama mjamzito na kadi ya kliniki.

Marejeo ndiyo yaliyotaka kutugombanisha. Jina la mwandishi, koma, herufi ya kwanza ya jina lake lingine, nukta, mwaka kwenye mabano, nukta tena. Jina la jarida lilale, namba ya toleo isimame, kurasa zifuate baada ya nukta mbili bila kuacha nafasi. Siku moja aliniita kwa sauti ya mtu aliyemkuta nyoka chini ya meza.

"Madam, hapa umeweka koma mbili."

"Ondoa moja."

Akatazama skrini kwa muda mrefu. "Ipi?"

Nilitoka nje nikanywa maji. Niliporudi alikuwa ameondoa ya pili, na alionekana bado ana wasiwasi nayo.

Kisha tukatakiwa kufuta kila kitu kinachoweza kumfanya mhakiki ajue nani ameandika. Majina yetu yakahamishiwa kwenye ukurasa wa peke yake, kama watu waliotengwa. Nilifuta jina la chuo. Nilifuta mahali niliposema "nyumbani kwetu" nikaandika "katika eneo la utafiti", na nikiri ilinichoma kidogo, kwa sababu eneo la utafiti ndipo nilipong'olewa jino la kwanza.

Niseme wazi kwa nini nilivumilia yote hayo. Majarida mawili yalikuwa yameshatukataa kabla ya hili. Hapo chuoni nilitaka hifadhi ya mbegu juu ya moshi iingie kwenye somo langu, na nilikuwa nimejibiwa kwamba ikichapishwa itafundishwa, isipochapishwa itabaki kuwa hadithi za jikoni. Maneno hayo, hadithi za jikoni, yalisemwa na mtu ambaye chakula chake chote tangu azaliwe kilitoka jikoni. Kwa hiyo nilirekebisha pambizo, nikazipa namba mistari yote, na tukatuma upya.

Baada ya kimya kirefu majibu ya wahakiki yalikuja. Wa kwanza alitusifu kwa aya moja nzuri ambayo nimeihifadhi mpaka leo. Wa pili hakuwa na haraka ya kusifu. Aliandika kurasa nzima, na swali lake kubwa lilikuwa hili: ikiwa vitunguu vinaning'inizwa juu ya moto, haviivi?

"Huyu hajawahi kuingia jiko la kuni," nilimwambia mwenzangu.

"Anaomba picha," alisema, kidole chake kikiwa kwenye mstari. "Mhariri naye anakubaliana naye."

Mhariri alikuwa ameandika kwamba makala itapokelewa tukikamilisha marekebisho madogo. Alitaka picha namba tatu, yenye ubora wa kuchapishwa, inayoonyesha mafungu juu ya mafiga, na mtu asimame hapo ili urefu wa dari ueleweke. Sura ya mtu huyo ikionekana, awe ametia sahihi fomu ya ridhaa. Vyote vifike kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo faili litafungwa.

Nilipumua, kwa sababu picha ya namna hiyo nilikuwa nayo. Nilikuwa nimempiga picha shangazi yangu, dada mdogo wa baba, akisonga ugali chini ya dari lake pale nje kidogo ya Dongobesh. Alivaa gambuti na fulana ya kampeni ya mgombea aliyeshindwa zamani, uso uking'aa kwa jasho, na juu yake mafungu yamejipanga meusi kwa masizi. Ilikuwa picha nzuri mno. Tatizo ni kwamba simu niliyoitumia kuipiga ilikanyagwa na ng'ombe kule Gendabi, na nakala pekee iliyobaki ilikuwa kwenye kundi la familia, ambako picha zikipita hubanwa zikakonda. Mwenzangu alipoikuza kwenye kompyuta shangazi akageuka kuwa ukungu uliovaa gambuti.

"Tutapiga nyingine," nilisema. "Shangazi hana neno."

Nilimpigia simu siku hiyohiyo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko? Watoto? Mume? Ng'ombe wenu yule aliyeumwa?"

Tulimaliza ng'ombe, tukamaliza mvua, ndipo nikamweleza kuhusu picha.

"Ile uliyorusha kwenye simu niliiona. Mjukuu wangu alinionyesha. Ile siitaki."

"Hiyo imeharibika, shangazi. Nataka kupiga nyingine kama ile."

"Nyingine sawa. Kama ile, hapana. Njooni Jumamosi."

Nilisikia neno sawa, mengine nikayaacha yapite. Jumamosi tulipanda basi dogo hadi Dongobesh, mimi na mwenzangu na mfuko wake wa plastiki, tukiwa tumeazima kamera ya chuo kwa kusaini mahali pengi.

Shangazi alitupokea mlangoni, na nilimtambua kwa sauti tu. Alikuwa amevaa kitenge cha sare ya akina mama wa parokia, kile cha sikukuu, kitambaa cheupe kichwani, viatu vya kufunika, na mkoba mweusi umening'inia kwenye kiwiko. Nilimwamkia, mwenzangu akamwamkia akiinama, tukakaribishwa sebuleni, tukaletewa chai ya maziwa na mayai ya kuchemsha. Hatukuweza kugusa habari ya picha kabla sahani haijaisha, kwa hiyo mwenzangu alikula mayai kwa kasi ambayo haikumpendeza mtu yeyote.

Kisha tukaenda jikoni, na nikaona maafa.

Jiko lilikuwa limesiribwa upya kwa udongo mweupe. Mafiga yalikuwa yameoshwa. Nasema yameoshwa, mawe yale, kwa maji na sabuni, na katikati yake hapakuwa na jivu hata chembe. Mahali pa kuni paliwekwa meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa beseni la maua ya plastiki na vitunguu saumu vilivyomenywa maganda ya nje, vyeupe pe, kama vya kupeleka harusini. Dari sikuliona. Shangazi alikuwa amelifunika kwa pazia la sebuleni.

"Shangazi," nilisema, "moshi uko wapi?"

"Moshi?" Alijibu kwa fahari. "Nimeufukuza tangu jana."

Mimi hasira zangu haziombi ruhusa. Nilimwambia kwamba nimesafiri kwa ajili ya moshi. Nilimwambia kuna mtu huko ng'ambo anaamini vitunguu vyetu vinaiva, na sasa nitamtumia picha ya pazia. Nilimwambia mwezi unaisha, faili linafungwa, na mimi nitarudi kwa watu wanaoita kazi yangu hadithi za jikoni, nikiwa na picha ya jiko lisilo na hadithi yoyote. Mwenzangu alikuwa anatazama maua ya plastiki kwa makini kama anayeyahesabu petali.

Shangazi alinijibu kwanza kwa Kiiraqw, maneno ambayo jarida lolote lingetutaka tuyafute. Halafu akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya mgeni.

"Wewe umesoma. Nenda pale kwenye mashine ya kusaga uulize mimi ni nani. Nenda ofisi ya kata uulize."

Hapo nikakumbuka bango.

Zamani kidogo ulikuja mradi wa majiko. Watu wake walifika kwa shangazi, wakanywa maziwa yake ya mgando, wakampiga picha akiwa anapika, wakamshukuru, wakaondoka. Baadaye likaja bango lenye picha mbili. Upande mmoja mwanamke wa mahali pengine, safi, anacheka pembeni ya jiko la kisasa, na alama ya kijani. Upande wa pili shangazi yangu na mafiga yake, na juu ya uso wake alama kubwa nyekundu ya mkasi, ile X ya kukata kosa, na chini yake neno moja: ACHA. Likabandikwa ofisi ya kata, likabandikwa zahanati, likabandikwa kwenye mashine ya kusaga. Kwa muda mrefu sana shangazi alikuwa akienda kusaga mahindi anajikuta ukutani amekatwa. Kwenye kwaya wakambatiza jina la Mama Acha, na jina likamganda. Kwenye familia bango lile lilikuwa kichekesho cha kila Krismasi, na yeye mwenyewe alikuwa akicheka nasi, kwa hiyo tuliamini lilikwisha.

"Walinikuta nanuka moshi wakanipiga hivyohivyo," alisema. "Hakuna aliyeniambia mama, vaa. Hakuna aliyeniambia tunakwenda kukuweka mbele za watu. Mimi nina sanduku la nguo, mwanangu. Mimi si wa kukatwa." Sauti yake ilikuwa imara, mikono ndiyo iliyokuwa imeshika mkoba kwa nguvu kupita kiasi. Niliona uchungu, na niliona haya kwa makelele yangu. Ile picha niliyoiita nzuri mno ilikuwa bango lilelile bila alama, na alama mtu yeyote angeweza kuiweka kichwani mwake mwenyewe. Sasa nilijua tunachopigania pale ni nini, lakini sikujua nitaupataje moshi bila kumvua shangazi heshima yake.

Aliyetuokoa ni mtu ambaye sikumtegemea kabisa. Mwenzangu alitoa maelekezo kwenye mfuko wa plastiki, akapekua, akakohoa.

"Samahani, mama. Samahani, Madam. Maelekezo yanasema picha iwe na mwanga wa kutosha. Ionyeshe kilichoelezwa kwenye makala. Mtu aliyemo awe ameridhia." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Hakuna mahali panaposema mtu avae nini."

"Soma tena hapo," alisema shangazi.

Akasoma tena, polepole, akimfafanulia kila sentensi, na shangazi akawa anaitikia kwa kichwa. Alipomaliza, shangazi aliweka mkoba juu ya meza, akalivuta pazia, na dari likatokea, jeusi, zuri, tupu.

"Mbegu iko wapi?" niliuliza.

"Chini ya kitanda. Ulifikiri nimemenya mbegu yangu yote kwa ajili ya picha? Hapo kwenye beseni ni ya mboga."

Tukaanza kurudisha uchafu. Sijawahi kufanya kazi ya namna hiyo maishani. Mwenzangu, ambaye mashati yake hunyooshwa mpaka kwenye mfuko, alipanda juu ya kigoda kuning'iniza mafungu, akashuka na masizi masikioni. Mimi niliwasha moto. Shangazi alisimama kando asichafuke, akituelekeza kwa mkoba: lile sogeza kushoto, lile limelegea, hapo usiwashe kwa plastiki unataka kuniulia mbegu. Meza ilitoka, maua yalitoka, mafiga yalianza kusahau sabuni. Moshi ulipoanza kupanda vizuri na kujipenyeza kwenye mafungu, alifunga kitambaa chake upya, akaingia, akasimama.

Alikataa kushika mwiko. Kusonga ugali kwa viatu vya kanisani, alisema, ni kudanganya watu. Angesimama wima atazame kamera, kwa sababu mgeni akiingia humpi kisogo. Ikabaki shida moja: kila tulipokuwa tayari, moshi ulimtoa machozi. Alikuwa anainua mkono tusimame, anatoka nje, anafuta macho, anarudi.

"Watasema nalia," alisema. "Silii mimi. Subirini."

Tukasubiri. Mwishowe upepo ulisaidia, moshi ukapanda moja kwa moja, na shangazi akasimama macho makavu, mkoba mkono mmoja, mkono mwingine ameunyoosha kuelekea darini kama anamwonyesha mgeni mahali pa kukaa. Kamera ya chuo ikalia. Nilipomwonyesha kwenye kioo kidogo alijitazama muda mrefu, akasema, "Huyo ni mimi."

Fomu ya ridhaa nilimsomea yote, na haikupita hivihivi.

"Hii picha itaonwa na nani?"

"Na watu wa dunia nzima, shangazi, wanaosoma mambo ya kilimo."

"Wataweka alama?"

"Hawataweka."

"Imeandikwa hapo kwamba hawataweka?"

Haikuwa imeandikwa. Mwenzangu alijaribu kueleza kwamba fomu ni ya jarida na hairuhusiwi kuongezwa kitu. Shangazi akamsogezea fomu. Basi mwenzangu, yule aliyeshindwa kuchagua koma ya kuondoa, akachukua kalamu na kuandika kwa mkono, chini kabisa: Picha hii isiwekewe alama yoyote juu yake. Shangazi akatia sahihi taratibu, herufi baada ya herufi, na tukaenda steshenari pale Dongobesh kuskani.

Kutuma nako kulikuwa na mambo yake. Mfumo wa jarida ulisema picha ni kubwa mno. Mwenzangu akaipunguza, mfumo ukasema sasa ni ndogo mno. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukatudai tuanze upya na jina la makala. Mwenye steshenari alikuwa anafunga madirisha tulipopata ujumbe kwamba vyote vimepokelewa. Nilimkumbatia mwenzangu kwa furaha, akasimama mikono chini kama nguzo mpaka nilipomwachia.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mhakiki wa pili hakuwa mtu wa kumaliza.

Alikubali kwamba sasa anaelewa vitunguu haviivi. Kwa hilo nilimsamehe mengi. Lakini aliongeza hoja moja: mshiriki katika picha namba tatu amevaa nguo rasmi na amebeba mkoba. Je, hii inawakilisha mazingira halisi ya jikoni? Alipendekeza waandishi waikate picha ibaki sehemu ya juu tu, yenye dari na mafungu. Kuhusu urefu, kuonyesha kwa mtu si lazima tena.

"Madam," alisema mwenzangu, bila kunitazama, "kukata ni dakika moja tu. Na hapo hata fomu haihitajiki."

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana sikumjibu haraka. Kichwa cha shangazi kingetoka, kitenge kingetoka, vingebaki vitunguu na moshi, na makala ingepokelewa bila ubishi mwingine. Kukataa kulikuwa na maana ya kuanza mvutano na mtu ambaye neno lake moja lingeweza kututupa nje, na jarida la nne sikuwa nalo. Niliifungua picha. Shangazi alikuwa ananitazama, mkono ameunyoosha. Ameshakatwa mara moja, niliwaza, na waliomkata walitumia rangi nyekundu. Mimi nitatumia kompyuta.

"Hatukati," nilisema. "Andika."

Barua ya majibu kwa wahakiki ina mtindo wake, kila hoja na jibu lake, na kila jibu lianze kwa shukrani hata kama umekunja ngumi. Nikamsomea, naye akachapa:

Tunamshukuru mhakiki kwa maoni yake. Ni kweli mshiriki hapiki kwa mavazi haya. Amevaa hivyo kwa sababu alikuwa anapokea wageni, na wageni hao ni wasomaji wa jarida hili. Katika eneo la utafiti, mgeni haonyeshwi ghala la mbegu na mtu asiyeonekana. Mbegu ni zake, dari ni lake, na aliridhia kupigwa picha kwa masharti hayo. Kwa heshima, hatutamkata mwenye nyumba tukabakiza vitunguu vyake.

Mwenzangu alisoma hadi mwisho. Nilitegemea aniambie neno "kwa heshima" linahitaji koma nyingine. Badala yake aliuliza kama anaweza kuongeza sentensi ya kitaalamu, nikamruhusu. Akaandika: Aidha, mkoba wa mshiriki, kwa kuwa vipimo vyake vinajulikana, unawasaidia wasomaji kukadiria ukubwa wa mafungu.

"Vinajulikana na nani?" nilimuuliza.

"Niliupima," alisema. "Alipokwenda kufuta macho."

Tukatuma. Ikafuata kungoja, na kungoja kwangu hakuna adabu. Niliwafokea wanafunzi, nikaifokea mashine ya kuchapa, nikamfokea kuku. Nilianza hata kupanga nitamwambia nini shangazi kama watatukataa, na kila nilichopanga kilikuwa uongo. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Mhariri alisema ameridhika na maelezo, picha namba tatu ibaki ilivyo, na kwamba ofisi yake imezingatia maandishi ya mkono yaliyoko chini ya fomu. Nilisoma mstari huo wa mwisho kwa sauti, na mwenzangu akaondoka ghafla kwenda kutafuta chaki ambayo hatukuwa tunaihitaji.

Makala ilipotoka niliichapa kwa rangi steshenari ya Dongobesh, nikaipeleka mwenyewe. Nilimkuta shangazi jikoni, gambuti miguuni, fulana ya mgombea aliyeshindwa mwilini, mafungu yamejaa darini. Alinawa mikono, akaifuta, akaipokea karatasi. Hakusoma kichwa cha makala, hakuuliza jina langu liko wapi. Alipitisha kidole juu ya picha, kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyingine, akageuza karatasi akatazama na nyuma.

"Hakuna alama," alisema.

"Hakuna, shangazi."

Alikaa kwenye kigoda. Nilikaa naye, na kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na habari nyingine mfukoni, nikatoa simu. Mtu mmoja wa mbali sana, mtafiti ambaye simjui, alikuwa amesoma makala na kuniandikia. Alikuwa na maswali kuhusu unyevu, na kuni, na aina ya mbegu. Lakini mwanzo kabisa wa barua yake, kabla ya swali lolote, aliandika kwamba anaomba nimfikishie salamu yule mama wa picha namba tatu. Nilimtafsiria shangazi mstari huo, na alitaka nirudie.

"Amenitaja mimi? Kabla ya vitunguu?"

"Kabla ya vitunguu."

Alitazama moto. "Wale wa bango," alisema, "walikunywa maziwa yangu, na tangu waondoke hakuna aliyeuliza habari zangu." Halafu akanigeukia, sura ikawa ya shangazi ninayemjua. "Huyu amesema shikamoo?"

"Kwa Kizungu haipo, shangazi. Amesema salamu tu."

"Ana umri gani?"

"Sijui."

Alifikiri, akirekebisha kuni. Moshi ulitupata wote wawili, na safari hii hakutoka nje kufuta macho.

"Mwandikie marahaba," alisema. "Kama amenizidi umri, atanisamehe."